Pembeni mwa Fremu: Safari ya Mkomani kwa Lenzi Pana

Anayetoka Mombasa kwenda Lamu kwa njia ya nchi kavu hupita Kilifi na Malindi, huvuka Mto Tana karibu na Garsen, kisha barabara humfikisha Mokowe. Hapo gari humaliza kazi yake na bahari hushika zamu. Boti hukata maji ya mlango wa bahari, mikoko ikisimama kando kama wenyeji waliotoka kumlaki mgeni, na punde mji hujitokeza: kuta nyeupe za chokaa, minara ya misikiti, ngome kongwe iliyokamilika kujengwa mwaka 1821, na gati iliyojaa wapagazi na punda.

Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Sababu ya heshima hiyo haionekani vyema kutoka baharini. Ni lazima uingie ndani, upande kutoka ufuoni, upite njia kuu ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, kisha ujitose katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, ambako nyumba za mawe zimesongamana bega kwa bega. Vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye shehena hawapishani; mmoja hana budi kurudi nyuma. Juu ya kichwa chako, mara kwa mara, utakuta wikio: chumba kilichojengwa kuvuka njia, kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili watu wa ndani wapite kutoka huku kwenda kule bila kushuka barabarani.

Kwa mwenye kamera, mji huu ni mtihani. Huwezi kurudi nyuma hatua kumi ili upate mlango mzima, kwa kuwa nyuma yako kuna ukuta wa jirani. Kila kitu kizuri kiko karibu mno. Ndiyo maana safari hii nilibeba lenzi pana kuliko ile ambayo kamera yangu iliundwa kuionyesha, na ndiyo maana makala haya, ingawa yanahusu mahali, hayana budi kueleza kidogo habari za vioo na vipimo. Naomba msomaji anivumilie. Mbele ya safari atauona uhusiano wake na haya na stara.

Nilichoendea Lamu hakikuwa utalii. Nyumba ya marehemu bibi yangu, huko Mkomani, imefikia wakati wa mirathi. Warithi ni wengi, wametawanyika Mombasa, Malindi na Maskati, na mazungumzo ya kuiuza yameanza. Shangazi yangu mkubwa ndiye aliyebakia ndani yake. Alinipigia simu akasema kwa sauti ya utulivu kwamba lolote litakaloamuliwa ni kheri, lakini kabla halijaamuliwa angependa kuta za nyumba zipigwe picha vizuri, hususan ukuta wa zidaka. "Simu za watoto zaonyesha nusu," alisema. "Mimi nataka mtu auone ukuta kama nilivyokuwa nikiuona nilipokuwa nimelala."

Ili kuelewa ugumu wa ombi hilo, tuanze na mti. Dari za nyumba za Lamu hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yaliyokatwa katika visiwa na hori za jirani. Gogo la mkoko likizidi urefu fulani huwa halina nguvu ya kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi vina upana wa mita mbili na nusu hivi, pengine karibu mita tatu, na si zaidi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa kupindukia. Utajiri ulionekana katika urefu wa chumba na wingi wa nakshi, si katika upana. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na huko nako zikapima vyumba vya watu. Basi anayetaka kupiga picha ukuta mrefu wa chumba cha Lamu husimama ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa pili, na mkoko ndio unaomwambia: hapa ndipo mwisho wako.

Kamera niliyonayo niliirithi kwa ami yangu, Allah amrehemu, aliyekuwa baharia na aliyeinunua mtumba huko Hamburg. Ni Leica M6, aina iliyotoka mwaka 1984, inayotumia filamu. Ni kamera ya renjifainda. Tofauti yake na kamera nyingine ni kwamba jicho la mpigaji halipiti ndani ya lenzi. Juu ya kamera kuna kidirisha cha kioo, na mtu hutazama ulimwengu kupitia humo, kando ya lenzi. Katikati ya kidirisha mna taswira mbili za kitu kimoja. Ukizungusha lenzi zikalingana zikawa moja, umelenga sawasawa. Na kwa kuwa kidirisha hakijui lenzi inaona kiasi gani, ndani yake huonekana mistari myeupe ya fremu inayosema: picha yako itaishia hapa.

Mistari hiyo ina mpaka. Kamera ya kwanza ya ukoo huu, M3 ya mwaka 1954, ilikuwa na mistari ya lenzi za milimita 50, 90 na 135 tu. M2 iliyoifuata mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaongeza ya 35. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, M4-P ikaleta ya 28, na hapo ndipo M6 yangu ilipokomea. Kadiri namba inavyopungua ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi. Lenzi ya milimita 50 huona takriban nyuzi 40 kutoka kushoto hadi kulia. Ya 28 huona nyuzi 65. Ya 21, ambayo ndiyo niliyoichukua Lamu, huona nyuzi 81.

Unapoifunga lenzi ya 21 kwenye kamera kama hii, haikatai. Hufungika vizuri, hulenga vizuri, na filamu hupokea picha safi. Lakini kidirisha hakina habari. Kitaendelea kukuonyesha mistari ya lenzi nyingine, kana kwamba hapana kilichobadilika. Wako wanaoacha mistari na kutazama kidirisha chote hadi kingo zake. Kwa kamera yenye ukuzaji wa 0.72 kama hii, eneo hilo zima hukaribia lenzi ya 24 au 25, na bado halitoshi. Isitoshe, kioo cha mbele cha lenzi hujitokeza katika pembe ya chini ya kidirisha na kuziba sehemu ya mandhari.

Dawa ya zamani ni kitazamio cha nje: kijidude kidogo cha kioo kinachochomekwa juu ya kamera, chenye upana uleule wa lenzi. Leica walipotoa lenzi yao ya Super-Angulon ya milimita 21 mwaka 1958, kitazamio cha namna hiyo ndicho kilichowaongoza wapigaji. Mwaka 2006 Voigtländer walitoa kamera za Bessa R4 zenye mistari ya 21 ndani yake, lakini ili wapate upana huo waliyapunguza mandhari katika kidirisha hadi ukuzaji wa 0.52, na kwa hiyo kulenga kwa lenzi ndefu kukawa kugumu zaidi. Hapana faida isiyo na gharama.

Mwenye kitazamio cha nje hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza hulenga kwa kidirisha cha ndani, kisha hupandisha jicho hadi kitazamio cha juu na kupanga picha. Wengi hukwepa hatua ya kwanza kwa kulitegemea tundu dogo la lenzi. Ukiiweka lenzi ya 21 kwenye f/8 na masafa ya karibu mita 1.8, vitu vyote kuanzia chini kidogo ya mita moja hadi upeo wa macho vitakuwa wazi vya kutosha, na hapo huna haja ya kulenga upya. Jambo la pili ni unyoofu. Lenzi pana haisamehe mkono uliopinda. Ukiinamisha kamera juu kidogo, kuta za Mkomani huegemeana kama wazee waliosinzia barazani. Mwashi anayo timazi na pima maji. Mpiga picha hana budi kuvibeba vyote viwili katika jicho lake.

Sasa tuingie kichochoroni. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya jua kupanda, nilisimama katika njia inayopita kando ya nyumba yetu. Mbele yangu, kiasi cha mita nne, kulikuwa na wikio, na chini yake giza la kupendeza, kisha mwanga upande wa pili. Niliishika kamera wima, nikaisawazisha, nikatazama kidirisha cha ndani. Mistari ya 28 ilinipa picha tulivu: ukuta, mlango, kivuli, na tumbo la wikio. Hapakuwa na mtu. Kisha nikapandisha jicho kwenye kitazamio cha nje, na juu kabisa pembeni nikaona kitu chekundu kikitikisika. Nilipoinua kichwa nikaona dirisha la ghorofani likiwa wazi, na mama wa makamo anaanika kanga kwenye kamba, kichwa chake kitupu, nywele zake zingali na maji. Nikaishusha kamera.

Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kila mtu aijue. Kwa umbali wa mita nne, kamera ikishikwa wima katika usawa wa macho, lenzi ya 28 hufika juu ya ukuta kiasi cha mita nne kutoka ardhini. Lenzi ya 21 hufika karibu mita tano. Tofauti ni sentimita 86, nayo ndiyo tofauti kati ya njia ya watu wote na dirisha la mtu. Chini ya mstari huo ni barabara. Juu yake ni nyumba. Mpigaji anayetegemea mistari ya kidirisha chake angeondoka akiamini amepiga picha ya mlango.

Mama naye alikuwa ameniona. Hakukimbia wala hakufunga dirisha kwa hasira. Alijitanda kanga moja kati ya zile mbichi, akaniita kwa sauti ya chini inayojua kwamba vichochoro hubeba maneno.

"Mwanangu, hiyo kamera yako yaona hadi wapi?"

Nikamwamkia, nikamwambia ukweli: "Yafika dirishani kwako, mama. Nimeishusha. Sijapiga."

Akanyamaza kidogo. "Ndoo yuu," akasema.

Nilipiga hodi, nikapokewa na binti yake, nikapandishwa ngazi. Nikamkalisha mama dirishani, nikamwekea kamera mkononi na kumwonyesha kidirisha cha ndani kwanza. Alitazama njia aliyoizoea tangu utoto. Kisha nikamwomba atazame kwenye kitazamio cha juu. Alishtuka, akaiondoa kamera usoni, akaangalia njia kwa macho yake, akairudisha tena. Ndipo akasema maneno ambayo yamebaki nami tangu siku hiyo: "Wageni husimama hapo kila msimu. Huuashiria mlango, nami hudhani wapiga mlango. Miaka yote hii sikujua kama nami nimo."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hapana ajuaye. Pengine yumo katika picha nyingi zilizoning'inizwa kwenye kuta za nchi za mbali, ameanika nguo zake juu ya mlango mzuri. Pengine hayumo hata katika moja. Wasiwasi wa namna hiyo hauondoki kwa kuambiwa kwamba hapana aliyekusudia ubaya. Wenyeji husema mato hayana pazia. Lakini macho ya mtu hupita yakasahau, ilhali filamu hupita nayo ikahifadhi.

Mama yule hakunikataza. Aliyaondoa mavazi ya ndani, akaziacha kanga mbili kwenye kamba kwa kuwa, alisema, zinapendeza, akafunga mbao za dirisha na kunituma nishuke. "Ukimaliza, gonga mlango mara mbili, nifungue. Joto hili." Nilipiga picha mbili tu, nikagonga. Picha hiyo ni bora kuliko ile niliyokusudia, kwani imo ridhaa yake, na zimo kanga zake.

Tukio hilo lilinifanya nizitazame upya nyumba za Mkomani. Mjenzi wa Lamu alilijua suala la pembe za macho kabla lenzi hazijafika. Mlango wa nyumba hautazami moja kwa moja ndani. Mgeni hukutana kwanza na daka, kibaraza kilichoezekwa chenye viti vya mawe pande zote mbili, na hapo wanaume hukaa na kuzungumza. Ukipita mlango huingii uwanjani moja kwa moja. Huingia tekani, kisha njia hupinda, na jicho lililotoka barabarani hugonga ukuta mtupu. Baada ya hapo ndipo kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Kisha vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa juu, halafu ndani, kila kimoja kikiwa kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia na kimesitirika zaidi. Nyumba nzima ni fremu juu ya fremu, na mwenye nyumba ndiye aliyeichora mistari. Mgeni huambiwa afike wapi bila kuambiwa neno.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kuandika Kitab al-Manazir, alifafanua kwamba kuona hutokea kwa mwanga unaotoka kwenye vitu kuingia jichoni, wala si kwa jicho kutupa miale yake nje. Kwa mpiga picha elimu hiyo ni onyo pia. Lenzi haichagui. Kila kilicho mbele yake hutuma mwanga wake, na lenzi hupokea wote. Mpigaji ndiye achaguaye, na hawezi kuchagua asichokiona.

Ndani ya nyumba yetu kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ukuta wa zidaka umo katika chumba cha ndani kabisa: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika plasta ya chokaa, ambamo zamani ziliwekwa sahani na mabakuli yaliyoletwa na majahazi. Niliegemeza mgongo kwenye ukuta wa pili, kamera ikabaki mita 2.3 kutoka kwenye zidaka. Kwa lenzi ya 28 ningepata upana wa karibu mita tatu na kuikata safu ya mwisho. Kwa lenzi ya 21 nilipata karibu mita nne, na ukuta wa zidaka ukaenea wote.

Lakini ukienea ukuta, huenea na vilivyo kandoni mwake. Kulia palikuwa na pembe ya kitanda, na dawa za shangazi juu ya kigoda. Kushoto palikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia. Kitazamio cha nje ni kidogo kama ncha ya kidole, na vitu vya pembeni huonekana humo kama punje za mchele. Isitoshe, kimekaa sentimita kadhaa juu ya lenzi, kwa hiyo kwa kitu cha karibu picha hushuka chini kuliko vile jicho lilivyoona. Nimejifunza kutokiamini peke yake. Kabla ya kupiga, huitua kamera, nikatembea kutoka upande mmoja wa picha hadi wa pili na kukisoma kila kilichomo kwa macho yangu. Nilipofika kwenye kioo nikamkuta shangazi ndani yake. Alikuwa amekaa chumba cha pili, amevua mtandio, akijipepea, akiamini yuko nje ya habari hii.

Nilimwita, nikamwonyesha. Alicheka sana. Halafu akatulia, akazitazama zidaka kwa muda mrefu. "Humu ndimo nilimozaliwa," akasema, "na humu ndimo tulimomwoshea bibi yako. Ukuta upige. Yaliyobaki yaache yabaki." Akaziondoa dawa, akavuta kitanda, na kwa kuwa kioo kilikuwa kizito, akakifunika kwa kanga yake.

Kisha akauliza swali ambalo wengi wetu hatuulizi: "Na nani atakayezisafisha?" Zama za filamu, mama zetu walijua kwamba picha ya arusi hupita mikononi mwa mtu wa dukani kabla ya kurudi nyumbani. Nikamjibu kwamba filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na nitaisafisha mwenyewe jikoni kwangu. Akaweka masharti yake, nami nikayaandika: nakala moja kwa kila mrithi, filamu yenyewe irudishwe kwake, na hapana picha itakayorushwa kwenye makundi ya simu. Sijaona mkataba wa upigaji picha ulio bora kuliko huo.

Huenda msomaji akasema kwamba hana kamera ya namna hii wala hataraji kuwa nayo. Jambo lenyewe, hata hivyo, limo mkobani mwake. Simu nyingi za sasa zina lenzi pana sana, ile inayowashwa kwa kubonyeza alama ya 0.5, na katika ukumbi wa arusi au sebule ndogo wengi huitumia ili kila mtu aenee. Kioo cha simu kweli huonyesha picha nzima, lakini ni kidogo, na kwenye jua ni shida kuziona kingo zake. Basi mwenye kupiga azikague pembe nne kabla ya kubonyeza, na mara ya pili kabla ya kutuma. Atazame vioo, milango iliyo wazi, na madirisha. Na anayepigwa, au anayekaa jirani na anayepigwa, asione haya kuuliza kama alivyouliza mama wa Mkomani: yaona hadi wapi? Ni swali la adabu, na mpiga picha muungwana atafurahi kulijibu.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na desturi zetu hapa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa. Lakini vichochoroni hapana askari wa kusimamia sentimita 86. Huko kilichopo ni hodi tu, na hodi ya kamera hupigwa kabla ya kidole kushuka.

Nilirudi Mombasa na filamu tatu. Nilizisafisha usiku, watoto wakiwa wamelala, na nikachapisha nakala za ukuta wa zidaka kwa warithi wote. Suala la nyumba bado liko mikononi mwa wazee, nasi twamwomba Allah awaongoze kwenye lililo la kheri. Katika picha ile hamna mtu. Mna safu za vishubaka kutoka mwisho hadi mwisho, mwanga wa asubuhi ukiingia kwa upande wa kiwanda, boriti zikipita juu, na kushoto, mahali ambapo kidirisha cha kamera kisingefika, kioo kilichofunikwa. Nakala ya Maskati ilipofika, ami yangu mdogo alipiga simu. Hakuanza na zidaka. Alisema, "Naiona kanga ya dada," kisha akanyamaza kwa muda.